Chumba Kimoja na Mkwe

Jumapili, 3 Agosti

Nimemaliza kushona sare nane za shule za wateja, nimezipiga pasi, mikono inanuka mkaa. Kisha nikafungua tena daftari la safari. Mwanza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Dar. Yote kwa treni. Tabora siku mbili, Dodoma tatu, Morogoro mbili. Hakuna kukimbizana. Tunashuka, tunatembea, tunakula, tunapanda treni nyingine. Miaka thelathini na moja ya ndoa, mimi na Baba Zuhura hatujawahi kusafiri bila msiba, harusi au mgonjwa.

Jirani hapa mtaani kwetu Kitaji kaniuliza tunaenda kumuona nani. Nikasema hatuendi kumuona mtu, tunaenda kuangalia tu. Akaniambia pole. Pole ya nini jamani?

Jumanne, 5 Agosti

Zuhura, binti yetu aliyeko Mwanza, amekata tiketi. Nilimwambia achukue chumba kizima cha kulala, vitanda sita, ingawa tuko wanne tu: mimi, baba yake, yeye, na bibi yake, yaani mama yangu wa Butiama. Sitaki kulala na wageni wanaokoroma. Nimejisifu siku nzima kwa akili hiyo.

Mama ana miaka sabini na tisa. Treni anaisikiaga tu redioni. Nilipompigia alipiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Baba Zuhura amefunga kibanda chake cha viatu saa tisa ili ashone upya mikanda ya mabegi. Anaimba. Anaimba vibaya. Nimefurahi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama haendi.

Kapiga simu asubuhi kuuliza tutalalaje. Nikamweleza kwa madaha, kila mtu na kitanda chake, chumba chetu wenyewe. Kisha akauliza, "Na mkwe wangu analala wapi?"

Mjinga mimi! Mjinga kabisa! Kwetu mkwe na mama mkwe hawalali chumba kimoja. Hawali pamoja. Hata njiani wakikutana mmoja anaingia kwenye majani kumpisha mwenzake. Baba Zuhura wa watu, Mwislamu wa Bunda ambaye babu yake alitoka Ujiji, ameishika desturi hii kuliko shemeji zangu wote. Tukienda Butiama anakaa nje nyuma ya nyumba, mama ndani, ukuta katikati, wanaongeaga saa nzima habari za mihogo na siasa. Na mimi niliyezaliwa pale nimewapangia vitanda vya juu na chini. Mji umenilevya.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, watu wako kwenye sherehe. Mimi niko kwenye simu.

Zuhura amebadilisha tiketi. Baba yake chumba cha wanaume, sisi watatu cha wanawake, na wageni wanaokoroma. Sawa. Nikampigia mama nikijua nimemaliza.

"Na korido?" kasema.

Mchungaji wake, aliyewahi kupanda treni, kamweleza kwamba korido ni nyembamba, anapita mtu mmoja. Akienda chooni akakutana na mkwe wake, atapisha wapi? Atokee dirishani? Amevumilia kutoonana na huyo kijana miaka yote hiyo, hawezi kuja kumvunjia heshima mbele za watu uzeeni.

Nikarudi kwenye kazi ya kushona. Nimekata kola ya mteja vibaya. Nimelia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Jumapili, 10 Agosti

Nimesema siendi bila mama. Baba Zuhura kasema basi abaki yeye. Nikamwambia akibaki yeye na mimi nabaki. Akasema hapo tutakuwa tumemtuma Zuhura peke yake akatuangalizie Tabora. Akacheka sana.

Sikucheka. Bado wiki moja tu. Mama hana Agosti nyingi za kuchezea, hilo ndilo linaloniuma, na siwezi kumwambia mtu.

Jumatano, 13 Agosti

Tumetoka Butiama sasa hivi. Mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Lilikuwa wazo la Baba Zuhura. Alikaa mahali pake nyuma ya nyumba. Mama ndani kwenye kigoda. Mimi mlangoni, nawaona wote wawili, wao hawaonani.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya korido."

"Marahaba. Sema."

Baba Zuhura akasema kabla ya kutoka chumbani atakohoa mara tatu. Mama akiwa koridoni atamjibu kwa kukohoa, na yeye mkwe atarudi ndani. Kula, atatangulia yeye kwenye behewa la chakula, amalize, aondoke, ndipo mama aende.

Mama akafikiri. "Na ukishikwa na mafua?"

"Mafua yakinishika nitapiga chafya mama, sitakohoa."

Mama akaziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Lakini mama yangu si mtu wa maneno matupu. Akataka tujaribu. Basi mume wangu, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, akaanza kuzunguka nyumba akikohoa, na mama anatoka jikoni, anaingia jikoni, anakohoa. Mara ya pili walikosea, mama akajitupa nyuma ya pipa la maji. Mara ya nne ikaenda safi kabisa. Majirani walitoka kuuliza kama tuna mgonjwa.

Wakati wa kuaga mama akasema, "Nipeni kitanda cha chini. Magoti haya hayapandi."

Nilimkumbatia mpaka akanifukuza.

Jumapili, 17 Agosti

Tuko ndani ya treni! Basi la kuja Mwanza halikuwa na shida: Baba Zuhura kiti cha mbele kabisa, mama cha mwisho kabisa, kajifunika kitenge. Tulipofika Bunda alinunua ndizi, akamtumia mkwe wake kupitia abiria sita.

Kikohozi kinafanya kazi. Kinafanya kazi kupita kiasi. Mwanamke mmoja wa chumba chetu alimhurumia yule baba wa chumba cha jirani anayekohoa hivyo, akatoa tangawizi apelekewe. Zuhura akaeleza ukweli. Sasa wanawake wote wanasaidia. Mama akitaka kutoka tu, chumba kizima kinakohoa. Sijawahi kumuona mama yangu akicheka hivi, hata siku ya harusi yangu.

Jumatatu, 18 Agosti

Tabora. Asubuhi, ubaridi kidogo.

Tulishuka milango tofauti. Baba Zuhura alitangulia na mabegi, akasimama mbali mwisho wa jukwaa, ametupa mgongo kama inavyotakiwa. Zuhura alienda kutafuta bajaji. Mama alinishika mkono. Nilidhani anapumzika. Kumbe anamtazama. Alimtazama muda mrefu. Mara ya mwisho kumuona vizuri alikuwa kijana wa posa. Tangu hapo ni sauti tu.

"Kumbe ana mvi," kasema, polepole.

"Ndiyo mama. Siku nyingi."

Akatikisa kichwa. Akasema niende nimpokee begi moja, ni mazito yale.

Nikaenda.