Akikuuliza Kuhusu Bwana Kofia

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute na afya njema na miguu isiyouma, maana najua zamu za wodini zinavyokusimamisha kutwa. Mgongo je, umepata nafuu? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mama naye ni mzima, ingawa habari zake ndizo zilizonikalisha kuandika. Ningekupigia simu, lakini unazijua kuta za nyumba yetu: ukipiga chafya chumbani, unapewa pole sebuleni.

Utanicheka, lakini lazima nianze na televisheni. Kuna kipindi cha watu wanaotafuta wachumba. Wamewekwa katika jumba moja, na sisi watazamaji tunapiga kura nani abaki. Kikianza, saluni yetu yote inasimama. Juzi nilimwacha mteja nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama wima, wala hakulalamika, kwa kuwa naye alikuwa amekodoa macho. Kipenzi cha wote ni kijana tuliyembandika jina la Kifua Wazi, ambaye nadhani hakuja na shati hata moja. Mwenye saluni anasema huyo hata akidanganya, anadanganya vizuri. Anayechekwa ni Bwana Kofia, mtu mzima aliyefiwa na mke, asiyevua kofia yake hata mezani. Kila asubuhi huwapelekea wenzake chai na kuwauliza kama wamelala salama. Wateja humzomea, eti arudi kwao akalee wajukuu. Nami nilizomea, tena sauti yangu ilikuwa juu ya zote.

Kilichonishangaza ni mama. Yule aliyekuwa akiondoka sebuleni tukiwasha vipindi vya mapenzi, ghafla akawa anakaa mbele kabisa na sinia lake la mchele. Kifua Wazi, mama hakuwa na habari naye. Aliuliza ya Bwana Kofia tu: je, watoto wake wanamwonea aibu? Ni vibaya akimtaja marehemu mkewe? Na yule mshiriki mwenye gauni la kijani akimkubali, watu watamwonaje? Mimi, nikidhani tunaongea ya televisheni, nikatanguliza mdomo. Nilisema mtu wa umri ule anajidhalilisha, na angekuwa mzazi wangu ningehama mji. Mama akasema kumbe, akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Tangu siku hiyo hakukaa tena kutazama. Siku hizohizo fundi bomba naye akakata mguu. Unamkumbuka, yule mpole wa kofia ya buluu iliyopauka, aliyetufungia tangi baba akiwa hai. Kwa miezi alikuwa haishi kuja kwa ajili ya bomba la jikoni, na mama alituambia limechakaa. Unanijua, jambo likinikera situlii. Nilichungulia chini ya sinki nikakuta pakavu, nati zimejaa vumbi, hazijaguswa na spana sijui tangu lini. Sasa alikuwa akitengeneza nini?

Nilikuja kujua nikiwa kazini. Beseni la kuoshea nywele liliziba, akaitwa yeye. Akiwa bado anazibua, kipindi kikaanza, Bwana Kofia akatokea na sinia la chai, na saluni ikaangua kicheko. Fundi akainuka, akatazama kidogo, kisha akavua kofia yake, akaikunja na kuitia katika mfuko wa vifaa. Akaniuliza, kwa adabu yake ileile, kama na nyumbani kwetu tunamcheka yule bwana. Dada, uso uliniwaka moto.

Jioni nilimbana mama. Alikana, akakana, halafu akasema. Fundi alimposa kwa heshima, naye akamwomba asubiri kwanza asikie wanawe wanasemaje. Kutuuliza waziwazi aliona haya, kwa hiyo akawa anatuuliza ya Bwana Kofia. Nilipomjibu vile, alimwambia fundi kwamba bomba limepona, asijisumbue tena. Hakunilaumu hata kidogo, na hapo ndipo nilipolia. Nikamwambia nilikuwa nasema ya televisheni tu. Akajibu kwamba mtu akitazama televisheni ndipo anaposema ya moyoni, maana hajui kama anaulizwa.

Sasa nikwambie nilichofanya, na usipige kelele. Jana mama alipokwenda sokoni, nilichukua spana nikalegeza nati ya chini ya sinki. Nililegeza kupita kiasi. Jiko lote likawa bwawa, nami nikalowa hadi kidevuni. Mama akarudi, akatazama maji, akanitazama mimi, akaitazama spana. Akasema basi niite fundi. Kisha akaenda chumbani kubadili nguo, ingawa aliyelowa ni mimi.

Fundi alikuja, lakini jibu hajapewa. Mama anasema hatamwambia neno kabla hajakusikia wewe, kwa kuwa wewe ulikuwa mtoto wa baba, na picha yake unayo ukutani kwako. Jumapili atakupigia. Atauliza mgongo, atauliza watoto, halafu kama anayepita tu atauliza kama unatazama kile kipindi, na unamwonaje Bwana Kofia.

Sikufundishi la kujibu. Mimi pia namkosa baba, na nikisikia mlango wa jikoni bado nageuka. Nimetaka tu ujue unaulizwa habari za nani, maana mimi nilijibu bila kujua.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmojammoja. Huku wote wanakusalimu. Bomba bado linadondoka kidogo. Fundi amesema atakuja kulimalizia Jumatatu.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere