Nusu ya Maneno ya Daktari

Jumatatu, 4 Machi

Nimempeleka Babu zahanati. Daktari alimpima kifua mbele na nyuma, akasema ni virusi. Antibayotiki hazifui dafu hapo. Apumzike, anywe maji. Nilijua! Imo kwenye kitabu cha biolojia. Nikaitikia kwa kichwa kama mwenzake kazini.

Nyumbani, Shangazi alikuwa ameshanunua vidonge vya antibayotiki, vile vya rangi mbili. Mimi nisiyethubutu kunyoosha mkono darasani nikasimama, nikahutubia! Virusi, bakteria, usugu wa dawa. Babu alicheka mpaka akakohoa: mwacheni mjukuu wangu, sasa tuna daktari wa ndani. Shangazi akasonya. Akili nyingi huondoa maarifa, alisema. Lakini aliviweka vidonge juu ya kabati.

Jumatano, 6 Machi

Homa imeshuka. Babu karudi kwenye cherehani, ananipunguzia sketi ya shule. Kila nikipita: “Daktari, wagonjwa wako hawajambo?” Naona haya. Ila — niseme kweli — napenda.

Alhamisi, 7 Machi

Homa imerudi. Na hiyo cherehani! Siku zote hulia mfululizo, mshono mzima bila kituo. Leo inakwenda kidogo, inasimama. Babu anashika meza, anahema, anaendelea.

Shangazi alinifuata jikoni. “Tumpe vile vidonge, Daktari?” Kwa upole kabisa, wala hakuwa akinidhihaki. Nikasema hapana, havitibu virusi.

Lakini daktari alisema na jingine. Babu alikuwa anafunga vifungo vya shati, mimi niko mlangoni: homa ikirudi, au akihema hali amekaa, mrudisheni siku hiyohiyo. Nilisikia. Jumatatu sikulisema kwa sababu lingempa Shangazi ushindi. Na leo? Leo ningeonekana sijui kitu. Nikaingia chumbani, nikajifanya nasoma.

Ijumaa, 8 Machi

Cherehani kimya tangu asubuhi. Midomo ya Babu imebadilika rangi. Nilimwambia Shangazi twende zahanati — basi, sikueleza kwa nini.

Niko kwenye benchi la nje. Nimevaa sketi, upande mmoja umeshonwa, mwingine una pini. Zinanichoma. Nimeziacha.

Daktari yuleyule alitoka akasema ni nimonia. Sasa antibayotiki zinahitajika, za sindano, tena upesi. Shangazi akaanza kulia: kosa ni langu, daktari, vidonge nilikuwa navyo. Daktari akamwambia si hivyo, mama. Mzee alipaswa kuletwa jana. Kisha akauliza: Jumatatu alikuja na nani? Si nilieleza dalili za kurudi?

Shangazi akaniwekea mkono begani. “Na huyu hapa. Huyu hasahau kitu, daktari. Angesikia, angetuambia.”

Muuguzi akamwita daktari ndani kabla sijafungua mdomo. Amesema anarudi sasa hivi.

Mkono wa Shangazi bado uko begani. Ananiuliza ninaandika nini, masomo? Nimesema ndiyo.

Mlango unafunguka —