Siwezi Kuitwa Mama Telemako

Peris, nimejiaibisha! Niko kwa basi nacheka peke yangu, watu wananiangalia.

Nilikuwa kwao Mwaura, Tottenham. Ndiyo, Mwaura yule ambaye ni wewe tu unajua nampenda. Mama yake alikuwa jikoni anapika chapati, naye Mwaura ananihadithia kuhusu Odiseo, yule shujaa wa Wagiriki. Eti alijiita Baba Telemako, kwa jina la mwanawe, kama sisi tu!

Akasema, "Nikipata kijana nitamwita Telemako."

Nami bila kufikiri: "Wee! Mimi siwezi kuitwa Mama Telemako!"

MIMI, Peris. Mama Telemako! Kwani nani aliniuliza?

Mama yake akadakia kutoka jikoni: "Usijali, mwanangu. Wa kwanza ni Gitau, jina la babu yake. Wa pili ni jina la baba yako. Huyo Mgiriki angoje wa tatu."

Wa tatu!! Nilitamani kuingia chini ya meza.

Mwaura akanisindikiza hadi kituoni. Basi lilipofika ndipo akasema, macho kwenye viatu vyake: "Mama Gitau, ukifika nipigie."

Nimeshuka sasa hivi. Nampigia kabla sijaogopa.