Spika Zako Mpe Fundi

Mjukuu wangu Salma, nakusalimu toka Kibokoni. Sote tu wazima, na mamako amepona mafua. Umeniuliza kwa nini nilifoka uliposema utazitupa spika zako mbovu.

Nilipokuwa msichana, gramafoni yetu iliharibika. Jirani yetu Bi Zena, aliyejua kutengeneza redio, aliiomba kwa ajili ya mamake aliyekuwa mgonjwa kitandani. Kaka yangu akasema, "Afadhali niitupe jaani." Kwa hasira nikampelekea Bi Zena mimi mwenyewe.

Ilipotengenea, kaka aliifuata akaichukua mbele ya mgonjwa. Mama yangu akamzuia mlangoni petu. "Irudishe, kisha umwombe radhi bibi yule mgonjwa."

Aliirudisha. Radhi hakuomba, na moyo wangu haujapoa hadi leo. Spika zako mpe fundi, mwanangu, wala usizidai.

Nyanyako, Kibokoni