Karatasi Tuliyoitia Saini Kabla ya Alasiri

Mambrui, Malindi.
17 Julai 2025.

Mpendwa Ami Msellem,

Shikamoo. Natumai wewe na watoto hamjambo huko Maskati. Sisi wazima, ila Mama chakula hakimpiti kooni.

Uliuliza kwenye simu kwa nini Baba hataki kushtaki kwa kifo cha kaka Mahir, naye akakata simu. Mimi mbele za watu sisemi, lakini kuandika naweza.

Siku aliyokufa, Mahir na wenzake wa kiwanda cha chumvi waliandamana pamoja na wanafunzi wa chuo, wakitaka wenzao waliokamatwa waachiliwe. Polisi wakafyatua risasi. Kesho yake tukaitwa mochari.

Afisa mmoja wa polisi alikuwa na karatasi ya Kiingereza. "Binti, wewe umetoka shule juzi, wasomee wazee." Nikasoma: marehemu alikuwa akikimbia, akaanguka baharini, akafa maji. Baba akasema mwanawe aliogelea tangu ana miaka minne.

Afisa akamjibu, "Basi mngoje daktari wa kupasua maiti atoke Nairobi, siku tano, sita. Na friji yenyewe imekufa, mzee. Chagua, kuzika leo au kesi." Wenzake wakacheka.

Wamjua Baba. Mahir alikuwa ameshalala pale usiku mmoja, na kwetu hata huo ni mwingi. Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Akatia saini. Wakataka na shahidi mwenye kitambulisho. Changu nilikipata mwezi uliotangulia. Nikatia saini, Ami, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Tulimzika baada ya alasiri. Waoshaji waliagiza pamba, wakaagiza tena, kisha mara ya tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiipeleka mlangoni. Aliyekufa maji hamalizi pamba yote ile.

Wakili wa wafanyakazi, Bi Idah, asema karatasi ile itavunjika tu mmoja wetu akiapa kwamba tulilazimishwa. Kisha kaburi lifukuliwe, risasi itafutwe. Baba amesema atakayemfukua Mahir si mtoto wake tena.

Jumatatu nakwenda kuapa. Akinifukuza, nitakaa kwa shangazi Mastura. Nimeshamwambia shangazi nakwenda kumsaidia kupika. Tafadhali usimwambie Baba mapema. Akinishika mkono na kuniomba, sitakwenda.

Nisalimie Faiz na Afiya. Mungu awahifadhi ugenini.

Mwanao akupendaye,
Nasiba