Shauri la Bi Kulthumu

Jumanne, 4 Machi 1913

Asiya amelala chuoni tena. Hakusinzia – amelala kabisa, shavu juu ya kitabu, karatasi ikalowa mate. Zena akacheka. Mwalimu wetu, Bi Kulthumu, hakucheka. Alimwamsha, akampapasa shingo kwa nyuma kwa vidole viwili. Iko na vivimbe. Zena akaacha kucheka. Sisi wanafunzi saba ni wanawake wazima, tulihitimu Kurani zamani, sasa tunasoma fiqhi, sheria za dini. Hakuna asiyejua malale inavyoanza. Hapa Rumonge, kando ya ziwa, imeshamaliza nyumba nzima nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Asiya ameomba shauri mbele yetu. Mumewe, Uledi, hataki aende kwenye kambi ya malale ya Wadachi. Anasema sindano ya kule imewapofusha watu wawili wa kijiji cha Gatete.

Bi Kulthumu alifunga kitabu. Halafu: "Nenda, mwanangu. Malale ukiiacha inaua. Nimemzika dada yangu kwa hiyo hiyo."

Asiya akashusha pumzi. Nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Amekwenda. Uledi aliporudi kutoka kuvua ziwani alikuta nyumba tupu.

Njiani kutoka chuoni tulibishana, sisi wanafunzi. Zena anasema kazi ya mwalimu ni kitabu. Tukimwuliza udhu, atujibu udhu. Mambo ya mtu na mumewe yanamhusu nini? Mwanahamisi alikasirika. Mwaka jana alipotaka kuachika alikwenda kwa Bi Kulthumu, akasikilizwa mpaka machozi yakakauka, wala hakuambiwa la kufanya. "Mama aliyenizaa hanisikilizi hivyo," alisema.

Mimi humwuliza Bi Kulthumu kila jambo, hata rangi ya nguo ya kununua. Sijui kama hiyo ni heshima au uvivu.

Alhamisi, 17 Aprili

Asiya amerudi. Usingizi umekwisha, amenenepa kidogo. Lakini macho – nilimpa kitabu chake, akakishika juu chini. Nikakigeuza taratibu, nikidhani hatajua.

"Useme tu, Aziza," akaniambia. "Naona mwanga wa mlango, basi."

Ijumaa, 18 Aprili

Uledi alikuja barazani kwa Bi Kulthumu. Hakupaza sauti.

"Bibi, mimi nilikuletea muke wangu umufundishe kusoma. Sasa hata kusoma hawezi."

Akaondoka. Bi Kulthumu akaendelea na somo mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha akasema kuanzia leo tumwulize yaliyo ndani ya kitabu tu.

Jumanne, 29 Aprili

Tumebaki watatu, wengine wameacha kuja. Zena amepata alichokitaka. Leo alianza kueleza habari za binti yake anayekataa mchumba, na Bi Kulthumu akamwuliza: "Iko ukurasa wa ngapi?" Zena alitoka macho mekundu. Nilimsindikiza. Akasema hakudhani atamkatalia hata yeye.

Jumamosi, 3 Mei

Nilikuwa naoga. Mkono ukagusa – nyuma ya shingo, kushoto. Viwili, kama punje za maharagwe. Vinateleza chini ya kidole. Nikakumbuka kuwa wiki hii nzima nimelala mchana.

Kaka yuko Ujiji, nipo peke yangu nyumbani. Nilikwenda kwa Bi Kulthumu. Alipapasa mahali pale pale, akaondoa mkono haraka.

"Usiniulize, Aziza."

"Sasa nimwulize nani, Bibi?"

"Si mimi. Mimi nimeshajibu mara moja."

Nikaenda kwa Asiya. Nilimkuta na Uledi uani, mume anamchambulia ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Nikamwambia. Asiya alinyoosha mkono, nikausogeza mpaka shingoni kwangu.

"Siku nyingine nasema ningekwenda tena," alisema. "Siku nyingine nasema bora ningelala tu. Na wewe usichukue jibu langu."

Uledi hakuinua kichwa. Aliendelea na ndagala zake, nikadhani hakusikia. Nilipofika mlangoni ndipo akasema:

"Dada Aziza. Huyu iko hai."

Nikamshukuru kwa Kirundi, murakoze, nikaja zangu.

Jumapili, 4 Mei, asubuhi

Nimefunga kanga mbili na msahafu mdogo kwenye kitambaa. Nimefungua, nimefunga tena. Kambi ni mwendo wa saa tatu, kusini, kupitia Kigwena. Nikitoka sasa nitafika kabla ya jua kali. Nisipotoka sasa sitatoka leo, najijua.

Mikono inaandika vizuri. Macho yanaona mpaka mtumbwi wa mbali kabisa ziwani. Nimeusoma ukurasa huu mara mbili kwa kuupenda tu.

Amepiga hodi mtu. Ni Bi Kulthumu. Amevaa viatu vyake vya safari, na ana kibuyu cha maji. Nimemwuliza: niende? Hakujibu. Amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, kibuyu magotini, ananingoja nimalize kuandika.