Kohoa Tena, Baba, Nitapokea

Baba mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Sasa hivi mjukuu wako Tumaini amechukua gunzi la muhindi, akasimama chini ya kile kifuko cha kanga kinachoning'inia dirishani jikoni, kile chenye simu, akaliweka gunzi sikioni. Halafu akakohoa. Amekohoa kama wewe kabisa, mara mbili, ile ya pili ndefu. Kisha akarudi nyuma mpaka ukutani akajifunika uso kwa mikono, kama anavyoniona mimi nikifanya. Nikamuuliza, "Babu anasemaje?" Akanijibu, "Babu hasemi." Nikacheka kidogo, halafu nikaacha.

Nakuandikia maana barua haina uso wala sauti, nadhani mila haitanihesabia. Miaka minne sasa nimeolewa kwenu huku milimani Ileje na hiyo shikamoo hapo juu ndiyo ya kwanza kukupa. Mimi nimekulia Tunduma, nikiuza nyanya mpakani, nimezoea kuongea na kila mtu, hata Kibemba nilikisema bila kufundishwa. Mama mkwe aliponiambia kwamba mkamwana hakutani na baba mkwe, hapiti alipokaa, na jina lake halitaji mpaka anaingia kaburini, nilidhani ananitania. Nikamuuliza, "Na tukikutana njiani?" Akasema, "Atakohoa. Wewe utaingia kwenye mahindi."

Na kweli ulikohoa. Nilijifunza kukujua kwa kikohozi tu. Nikikisikia, miguu inaondoka yenyewe kabla kichwa hakijaambiwa.

Tatizo likawa simu. Baba Tumaini, mwanao, alikuwa utingo kwenye malori ya Zambia na Kongo, akipiga kila Jumapili baada ya ibada. Na katika boma zima mtandao ulikuwa unashika mahali pamoja tu, kwenye lile jiwe lako la kukalia. Sehemu nyingine zote simu ilikuwa saa tu. Unakumbuka ulivyokuwa unafanya? Ukishamaliza kuongea naye unasema kwa sauti, kama unaongea na kuku, "Simu hiyo ya mtoto hiyo." Unailaza juu ya jiwe, unakohoa, unatembea mpaka kwenye mibuni. Mimi natoka nyuma ya migomba mbio. Hata mvua ikinyesha uliondoka, na gunia kichwani, ukasimama huko ukilowa mpaka nimalize. Siku moja nilimwambia Baba Tumaini, "Fupisha, mzee analowa." Akacheka, akasema, "Mwache, ndivyo anavyokupenda."

Halafu ile Jumapili niliyoteleza, mimba ya Tumaini ina miezi saba. Ulisikia kishindo. Hukuweza kuja kuniinua. Nilikuona miguu tu, ikija hatua mbili na kurudi, ikija na kurudi, nawe unamwita Mama mkwe kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako. Sijawahi kukuambia hili: nililala pale kwenye matope nikiionea huruma miguu yako kuliko tumbo langu.

Kesho yake ulianza kazi. Ulikata mwanzi mrefu kuliko nyumba, ukachuna waya wa shaba kwenye mota mbovu, ukachukua na mfuniko wa sufuria yangu. Mama akakupigia kelele, "Sasa ugali tutaufunika na mtandao?" Ulifunga mfuniko juu ya mwanzi kwa mpira wa baiskeli, waya ukaushusha mpaka dirishani jikoni, ukawa unauzungusha huko nyuma ya nyumba na mimi ndani nasoma minara kwenye kioo. Namwambia Mama, Mama anakupigia kelele.

"Mmoja!"

Unazungusha.

"Miwili! Hapana, umerudi mmoja!"

Unazungusha.

"Mzee, unatafuta mtandao au unatafuta nyuki?"

Jua lilikuwa linazama ulipoulekeza kwenye lile pengo la milima, upande wa Mbozi. Ikasoma minara mitatu. Nilipiga kigelegele peke yangu, na huko nje nikasikia ukikohoa, lakini siyo kile cha kunifukuza. Nadhani ulikuwa unacheka. Tangu hapo simu inakaa kwenye kifuko chake, ukiitoa mtandao unakufa, tunaongea kwa spika. Jikoni kwangu ukamleta mwanao kila Jumapili, nikipika anaongea.

Jumapili ya mwisho alisema, "Tumebadilishiwa mzigo. Tajiri anasema tupite njia nyingine. Kuna kitu sikipendi, nitawaambia tukifika." Tumaini akamwambia aje na biskuti. Jumapili tatu zimepita, simu yake haipatikani.

Ulipoamua kwenda kumfuata mpakani na huko ng'ambo, ulikuja nyuma ya ukuta wa jikoni umembeba mtoto. Nilisikia kila neno. "Tumaini, mwambie mama yako, asiihamishe simu. Na mwambie, nikipiga, apokee. Mila tutaiomba msamaha." Ukaondoka na simu ndogo uliyoazima, namba yake tukaiandika kwetu Baba, miwani ukaisahau mezani. Ndiyo maana barua hii nitampa mama anayepeleka maharage Tunduma, na sitaitia gundi. Yeyote atakayekuona akusomee.

Sasa nikuambie kilichotokea jana, maana Mama hajui.

Mama alikuwa shambani. Simu ikaita, kioo kikaandika Baba. Nikanyoosha mkono, Baba, mkono ukakataa. Ikakatika. Ukapiga tena. Nikasema moyoni, aliruhusu mwenyewe, nikabonyeza. Na wewe ukakohoa.

Nilikimbia. Sikuamua, nilijikuta nje, kanga usoni, nimesimama kwenye mahindi kama bibi harusi wa juzi. Ulikuwa unaongea na sufuria zangu. Kulikuwa na upepo, mwanzi unayumba, sauti inakuja na kupotea. Niliyoyasikia kutoka nje ni haya tu: "...lori tumeliona... yeye hayumo... mwambieni mama Tumaini a..." Niliporudi ndani imekatika. Nimepiga mpaka kidole kimeuma. Hupatikani na wewe.

Nifanye nini, Baba? Mwambieni mama Tumaini afanye nini? Asubiri? Aje? Asilie? Usiku kucha nimekuwa nikiimalizia hiyo sentensi yako, kila nikiimaliza naifuta. Kutokuwamo si kufa. Mtu anaweza kuwa ameshuka, anaumwa, yuko kwa watu wema, simu imeibiwa. Mimi naamini hivyo. Leo asubuhi nimepanda ngazi mwenyewe, nimeukaza mwanzi kwa kamba mpya, nimeurudisha kwenye pengo lake. Unasoma minara miwili na nusu. Chini nimechimbia mawe.

Kwa hiyo piga tena. Ukipenda kohoa kwanza, sitakimbia. Nimejifunga kwa kitenge kwenye mguu wa meza, usicheke, nimejaribu na ninafika kwenye simu bila kufika mlangoni. Nitakuamkia kwa mdomo wangu, uniambie lolote, hata lile. Na mkirudi wawili, nitaingia kwenye mahindi kama kawaida, ukohoe upite, na mwanao nyuma yako.

Mungu akulinde huko njiani.

Mimi mkamwana wako,
Mama Tumaini

Baba, nilikuwa nakunja karatasi, simu imeita! Mama amewahi. Kioo kimeandika Baba, nimekiona kwa macho yangu, ni wewe, asante Mungu. Namsikia Mama anasema haloo, haloo, na sasa ananiita, "Mama Tumaini, njoo upesi! Simu ni ya mzee lakini mtu si mzee! Anaongea Kibemba, simwelewi!" Nimemsikia mwenyewe kwa spika. Anaongea taratibu, kama mtu aliyevua kofia. Anauliza mzee mwenye simu hii anaitwa nani. Mama hajaelewa swali, ni mimi peke yangu wa kumjibu, nami jina lako, Baba, sijawahi hata siku moja kulita...